Mmekula kiingilio chetu halafu mkakata Petit Le Mans yamebaki masaa matatu, hii ni dhuluma

Wakuu, naandika sijalala na nina hasira mpaka vidole vinatetemeka, mnivumilie. Nataka hili lijulikane hapa Arusha ili mwingine asiingizwe mjini kama tulivyoingizwa sisi jana.

Kuna sehemu moja huku Njiro, jina siweki ila waliokuwepo mnaijua. Wiki nzima wametangaza kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba Jumamosi wanaonyesha mbio za magari za Petit Le Mans 2023 YOTE, mwanzo mpaka bendera ya mwisho, projekta kubwa, spika, intaneti haikati, kiingilio elfu 15 na soda moja, na unalipa kabisa kwa simu ili ushike nafasi. Tukalipa. Watu wa magari mji huu tunajuana na palijaa, machalii wa gereji za Unga Limited walikuwepo, kuna jamaa wametoka Moshi na Coaster ya jioni kwa ajili ya hii tu.

Na mwenye biashara aliambiwa mapema, asije akasema hakujua. Kule Georgia, Marekani, mbio inaanza mchana, kwetu ni saa moja usiku, ni mbio za masaa kumi kwahiyo inaisha kwenye saa kumi na moja alfajiri. Akasema hamna shida, tunakesha pamoja.

Sasa saa nane na kitu usiku kijana wa laptop anakuja, hasemi na mtu, anafunga ile tab, ukuta unabaki mweupe. Tukajua net imekata. Mara linakuja marudio ya mpira wa wiki iliyopita! Mechi ambayo kila mtu mle ndani matokeo anayo. Kumbe kuna meza moja wameagiza mbuzi na mzinga, wamechoka kuangalia magari yanazunguka, na bosi kaamua hao ndo wateja. Nikamfuata kaunta, nikamwambia kwa heshima kabisa bosi yamebaki masaa matatu tu. Anahesabu hela, hata uso hajainua, ananijibu "dogo si mmeangalia masaa saba, hamjatosheka?"

Hivi mtu anayesema hivyo anajua alichouza kweli? Kwenye hizi mbio masaa saba ya kwanza watu wanatunza gari. Barabara yenyewe ya Road Atlanta ni kama kilomita nne tu, makundi matano ya gari za kasi tofauti yanabanana humohumo, hizi GTP za haibridi, kundi la kasi zaidi lililoanza 2023, zinapita katikati ya GT za taratibu usiku kwenye giza, ajali ikitokea gari ya usalama inatoka, wote wanakusanywa nyuma yake na uongozi uliojengewa toka mchana unayeyuka hapohapo. Sasa hapo ndo mbio inaanza kuwa mbio.

Na sio kwamba ni nadharia yangu, 2018 dereva Felipe Nasr anaongoza mpaka raundi ya mwisho, mafuta yanamwishia, Renger van der Zande anampita, na Nasr huyohuyo anajikokota mpaka mwisho na bado anabeba ubingwa wa msimu na dereva mwenzake Eric Curran. 2020 Ricky Taylor na Pipo Derani wanagombania kuongoza zimebaki dakika chache, wanagongana, anashinda mtu wa tatu, van der Zande tena. Mwaka jana, 2022, Cadillac mbili za timu moja, Ganassi, zinagongana zenyewe kwa zenyewe mwishoni kabisa. Nani aliyezima saa ya saba angeyaona haya?

Halafu mwaka huu ndo kabisaa. Petit Le Mans ndo mbio ya mwisho ya msimu na ubingwa ulikuwa wazi, tofauti ya Derani na Sims wa gari namba 31 na Taylor na Albuquerque wa namba 10 ilikuwa ya pointi chache sana, wakati ukishinda tu mbio moja unapata 350. Mimi ni mtu wa namba 10, sifichi. 2021 wamefika mbio ya mwisho wakiwa na nafasi ya ubingwa, wakakosa. 2022 hivyohivyo. Jana nikasema acha nikae na hawa watu mpaka mwisho, likiwa la furaha au la kilio nilione kwa macho yangu.

Nimekuja kuliona kwenye klipu ya sekunde chache nimekaa kitandani, bando lenyewe linasuasua. Albuquerque anatokea kwa nje kona ya kwanza, Derani yuko ndani, gari zinagusana, Acura ya namba 10 inatoka nje mazima. Mwaka mzima umeishia pale. Waamuzi hawajatoa adhabu, 31 mabingwa. Kuna wanaosema Derani hakumwachia nafasi, wengine wanasema kwa nje pale ulikuwa unatafuta nini, na mimi mpaka sasa siwezi kubishana na mtu kwasababu sikuona raundi zilizotangulia, sijui nani alikuwa anambana nani toka wapi, na hicho ndo nilicholipia!

Na namba 60 ndo wameshinda mbio yenyewe, Blomqvist, Braun na mzee Castroneves, miaka 48. Timu iliyonyang'anywa pointi 200 mwanzoni mwa msimu kwa kuchezea data za presha za tairi kwenye mbio ya Daytona, na programu yao ya GTP inasimama 2024. Wanaondoka na kombe mbio ya mwisho. Hilo nalo nimelisoma tu kama matokeo ya mtihani.

Kama mlitaka mpira mngetangaza mpira, nisingekuja. Kama meza ya mbuzi ina hela kuliko sisi, mngewafungulia ile tv ya pembeni, ipo, ilikuwa imezimwa usiku kucha.

Tunachodai ni elfu 15 yetu irudi kwenye namba zilezile zilizotuma, soda kateni. Jamaa wa Moshi walikaa nje kwenye ngazi wanasubiri kukuche wapate gari, hao wana haki ya kudai na nauli. Muamala wangu nimeupiga picha, na wewe uliyekuwepo weka wako hapa chini tuwapelekee kwa pamoja.