Tupeane uzoefu: mbuzi wa maziwa Unguja na Pemba, beberu mnampata wapi?

MfugajiKiboje
Assalaam alaykum wanajamvi. Nafuga mbuzi wa maziwa hapa Kiboje, chotara wa Saanen na Toggenburg, mbegu za Ulaya, kwenye shamba ambalo ukisimama mlangoni unaona mwisho wake: migomba, mihogo, minazi michache na banda. Majani napata, maziwa hayalali, watu wanayafuata nyumbani. Kinachonisumbua ni beberu. Niliye naye ndiye baba wa majike wote wachanga waliomo bandani, nikimwachia atapanda binti zake. Nilitoka kutafuta mwengine, nikaenda Mwera, nikaonyeshwa beberu mzuri mashaallah. Kuuliza asili yake, kumbe babu yake ni huyu huyu wangu. Machui hivyo hivyo.

Wenye uzoefu tuambieni mnavyofanya. Uzazi, malezi ya watoto, banda, chochote, lakini kiwe kimekupata wewe. Zile hesabu za "anza na mbuzi kumi, mwaka wa pili umejenga nyumba" tuwaachie wanaouza vitabu.

BiMkubwaWete
Wa alaykum salaam. Sisi huku Wete ni kikundi cha akinamama, na beberu ni wa kikundi, si wa mtu. Anakaa kwa mwenzetu mmoja kwa muda, kisha anahamia shehia nyengine. Muda wenyewe tuliupiga hesabu hivi: jike anabeba mimba miezi mitano. Kibuzi cha kike kikishiba vizuri kinaanza kutaka dume kikiwa na miezi sita au saba, hata kama wewe hujakusudia. Jumlisha, unakaribia mwaka. Kwa hiyo mwaka haumaliziki beberu hajaondoka, hata anayemlea akilia.

Na kulia wanalia kweli. Mwenzetu mmoja siku ya kwenda kumchukua alituambia beberu mgonjwa, hawezi kutembea. Tukamkuta kasimama kwa miguu ya nyuma juu ya hori, ya mbele kaiegemeza ukutani, anavuta majani ya mfenesi yaliyoekwa juu ya paa. Mgonjwa gani huyo!

Anayeleta jike kutoka nje ya kikundi halipi pesa, anakuja na pumba. Pumba ni za yule anayemlea, maana beberu anakula kila siku na kazi yake si ya kila siku. Daftari linakaa kwa katibu: nani kapandishwa lini, kwa beberu gani, kazaa wangapi. Bila ya daftari mzunguko huo hauna maana, miaka miwili haipiti hakuna anayekumbuka nani mtoto wa nani.

MfugajiKiboje
Shukran Bi Mkubwa. Na akishazunguka kote?

BiMkubwaWete
Tunabadilishana na wenzetu wa Vitongoji. Akizeeka anauzwa.

MzeeWaDole
Nimefanya kazi ya mifugo mpaka nikastaafu, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Vijana wengi hamjui kwamba mnyama wa damu ya kigeni kufugika kwa raha hapa Unguja si jambo la tangu zamani. Tulikuwa na mbung'o, wale nzi wanaofyonza damu, khasa upande wa msitu wa Jozani, na maradhi yao yalikuwa yakimkondesha mnyama mpaka anabaki ngozi na mifupa. Kati ya 1994 na 1997 ilifanyika kazi ya kumwaga kwa ndege madume ya mbung'o yaliyopigwa mionzi. Yalikuwa yakizalishwa Tanga kisha yanaletwa huku. Jike akishapandwa na dume kama hilo hapati kizazi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Pemba wao hawakuwa na balaa hiyo. Kwa hiyo huyo chotara wako wa Kiboje, babu yake asingedumu pale.

Sasa suala la beberu. Mwenye majike wawili watatu hana haja ya kufuga dume. Anakula, ananuka, na akikaa karibu na majike wanaokamuliwa harufu inaingia kwenye maziwa. Ubaya wake ni kwamba asiye na dume hujua joto la jike, yaani wakati wake wa kutaka dume, likishapita. Joto linarudi kila baada ya siku 18 hadi 21 na linakaa kiasi cha siku moja, siku moja na nusu hivi. Dalili zake: mkia hautulii, analia bila sababu, anakojoa kidogo kidogo, uke unavimba na kuwa mwekundu, na maziwa ya siku hiyo yanapungua. Wengine ni wanyamavu, hawaonyeshi chochote.

Kwa wanyamavu fanya hivi. Nenda kwa mwenye beberu na tambara safi, msugue nyuma ya pembe, hapo ndipo panaponuka kuliko pahala popote. Litie tambara kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Kila asubuhi fungua kopo mbele ya jike. Siku zote atanusa na kuondoka. Siku ya joto atalibania pua hilo kopo, mkia unapigapiga, hataki uliondoe. Siku hiyo hiyo mpeleke, usisubiri kesho kutwa.

Na jike mchanga asipandishwe kwa sababu tu ameingia joto. Angoje afikie angalau theluthi mbili za uzito wa mama yake. Akipandwa akiwa mdogo anazaa kwa taabu, na maziwa yake hayafiki pale yalipotakiwa yafike.

UwandaMicheweni
Nyinyi wenye udongo mna neema. Huku kwetu ni mawe, majani ya malisho kama mabingobingo hayashiki. Mimi niliwahi kuwa na Saanen mweupe karibu na damu kamili, jua la Kaskazi likamchoma masikio na kiwele mpaka ngozi inabanduka. Nikamkamua kwa shida, anaruka kila nikimgusa. Tangu hapo nataka nusu damu tu, Toggenburg kwa mbuzi wetu wa Pemba. Maziwa kidogo, lakini mnyama anatafuta mwenyewe kwenye vichaka na hafi kwa jua.

Chakula cha Kaskazi nakitafuta wakati wa mvua: natundika matawi ya lusina, ule mti wa malisho, yakauke kivulini, napukutisha majani natia kwenye viroba. Lakini lusina isizidi theluthi moja ya anachokula, ikizidi mbuzi ananyonyoka manyoya. Majani ya mhogo nayo lazima yanyauke kwanza. Mabichi yana sumu.

MamaMapachaFuoni
Nina suala, na naomba msinicheke. Jike wangu hana pembe, nikampandisha kwa beberu asiye na pembe kwa sababu nimechoka kupigwa na mapembe. Akazaa mapacha. Mmoja dume safi. Wa pili tulimwita jike, akakua, hakuingia joto hata siku moja. Halafu akaanza kunuka kama beberu na kupanda wenzake. Nikamshika nikamtizama vizuri: uke upo, lakini mdogo, na chini yake kuna kinyama kimechomoza kama ncha ya kidole. Jirani ananiambia kijicho. Ni nini hiki?

MzeeWaDole
Si kijicho, Mama Mapacha. Huyo ni khuntha, si jike kamili wala si dume, na sababu ni hizo pembe zilizokosekana. Katika mbuzi hawa wa asili ya Ulaya, Saanen, Toggenburg na Alpine, urithi wa kutokuwa na pembe umefungamana na kasoro hiyo. Mtoto wa kike akiurithi kwa mama na kwa baba, pande zote mbili, anatoka khuntha. Hazai, hakamuliwi. Dawa hakuna, kinga ipo: mmoja kati ya wazazi awe na pembe. Na angalia, aliyechomwa pembe utotoni huyo mhesabu ana pembe, maana damu yake haikubadilika. Ukinunua beberu asiye na pembe muulize mwenyewe, amezaliwa hivyo au amechomwa?

MamaMapachaFuoni
Allah akulipe kheri Mzee. Jirani nitamsomea hii.

KijanaBumbwini
Mimi nataka kusema kuhusu kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 eti wasafishe taka. Jike wangu alizaa nje mchana, chini ya muembe, mimi nimo msikitini. Kurudi nakuta kunguru wamemzunguka mtoto, mmoja anavuta kitovu, mwengine anadonoa jicho. Jicho moja likapotea. Tokea hapo jike akikaribia nafungia ndani, na juu ya banda la watoto nimetandika nyavu kuukuu ya wavuvi. Kitovu nakichovya iodini hapo hapo mtoto akishatoka. Dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, anapata kabla hajakauka vizuri, na kama hawezi kunyonya namkamulia kwenye chupa. Mtoto aliyekosa dang'a siku ya kwanza, nimeona, hata akiishi kila siku anaharisha, kila siku macho yana tongo.

MuuguziMkoani
Nimesoma kote, hamjataja wanaokunywa. Tafadhali chemsheni. Maradhi ya brusela yanapita kwenye maziwa mabichi, na homa yao inakuja na kuondoka, viungo vinauma, mtu anatibiwa malaria mara kwa mara bila kupona. Jike akitupa mimba, kondo msiishike kwa mikono mitupu, na mwiteni daktari wa mifugo.

Jengine, kuna akinamama wanawapa watoto wachanga maziwa ya mbuzi badala ya ziwa la mama, wakiambiwa ndiyo mepesi. Mepesi kwa tumbo pengine, lakini yana upungufu mkubwa wa asidi ya foliki, na mtoto wa chini ya mwaka akiyategemea hayo anapungukiwa damu. Na mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe mara nyingi haya nayo yanamdhuru.

MfugajiKiboje
Huku kwetu wengi wanayanunua kwa ajili ya pumu.

MuuguziMkoani
Wanywe, ni chakula kizuri. Dawa ya pumu waendelee nayo.

AkikaJangombe
Kuna aliyeuliza madume yanakwenda wapi? Mimi nimehamia huko kabisa, nauza madume ya akika na ya kuchinja Idi, maziwa ya nyumbani tu. Akika ya mtoto wa kiume ni mbuzi wawili, wa kike mmoja, na hapa mjini watoto wanazaliwa kila wiki. Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja, ndiyo usiseme. Lakini mbuzi wa kuchinja Mfunguo Tatu lazima awe ametimiza mwaka, na hapo ndipo penye kazi: dume la miezi minne tayari linaweza kumpa mimba dada yake. Nayahasi mapema yale yote nisiyoyataka kwa mbegu. Aliyehasiwa anafaa kuchinjwa, ananenepa zaidi na nyama haina ile harufu. Wateja wengine wanataka mwenye mapumbu yake, huyo namfuga mbali na kwa bei nyengine.

DongeMasika
Banda jamani. Donge mvua za masika hazina mchezo. Sakafu iwe juu, mtu aweze kuingiza jembe na kuzoa mbolea, vibao viachane kiasi cha upana wa kidole. Mapengo yakiwa makubwa kibuzi kinatumbukiza mguu na kuuvunja. Mbolea hiyo ndiyo inayonipa mchicha.

Minyoo ndiyo iliyonimalizia wanyama masika mmoja. Sasa kila Ijumaa asubuhi nafunua kope la chini la kila mbuzi. Likiwa jekundu au waridi, salama. Likiwa jeupe kama karatasi, kuna mnyoo anafyonza damu tumboni. Na ukiona uvimbe laini chini ya taya, umeshachelewa, mwite bwana mifugo leo leo. Majani nakata umande ukishakauka, natundika, hakuna anayekula chini.

MchukuziKitope
Mimi nilichoka na mabeberu ya ndugu kwa ndugu nikaenda bara. Beberu wa kwanza nilimnunua mnadani kwa mtu aliyeniapia ni Saanen safi. Weupe tu ndiyo alikuwa nao. Safari ya pili nikaulizia kwa wafugaji wa Mgeta, Morogoro, ambako mbuzi wa Norway waliingizwa miaka ya 1980 na chuo kikuu cha Sokoine, na wafugaji wa kule wana daftari za ukoo. Nikapata dume ambaye mama yake nimemuona kwa macho akikamuliwa. Hilo ndilo la kutizama, kiwele cha mama yake, si ukubwa wa kichwa cha beberu.

Kuvuka kunataka kibali cha mifugo na cheti cha daktari, nenda ofisini mapema kabla hujalipa pesa ya mnyama. Na ukifika usimuingize bandani moja kwa moja. Wangu nilimfunga peke yake nyuma ya nyumba wiki tatu. Kikohozi kikaanza wiki ya pili, akatibiwa, akapona. Kama ningemchanganya siku ile ile sijui ningebaki na nini.

MfugajiKiboje
Kitope! Uko hapo karibu hivyo na mimi nahangaika mpaka Machui? Ana pembe?

MchukuziKitope
Anazo. Na hana ukoo na mbuzi yeyote wa wilaya yako. Walete wawili kwanza, si kundi zima, wameshapewa dawa ya minyoo. Asubuhi, jua halijawa kali.

BiMkubwaWete
Na pumba.

MgeniJambiani
Nimechelewa kuingia. Wangu ana mimba kubwa na bado namkamua, kila siku anatoa kidogo. Nimwache lini?

MzeeWaDole
Miezi miwili kabla ya kuzaa awe amekauka. Tizama tarehe aliyopandwa, hesabu siku 150, rudi nyuma 60. Punguza pumba wiki moja, mpe majani makavu na maji, kisha acha kumkamua. Kiwele kitajaa siku chache za mwanzo, usiingiwe na huruma ukaenda kukipunguza, kitajirudi chenyewe. Kikiwa cha moto na kigumu upande mmoja hapo ndipo umwite daktari. Akishakauka mrudishie pumba taratibu wiki za mwisho, watoto tumboni ndipo wanapokua.