Tupeane uzoefu: raba ulizokimbilia mpaka zikaisha, ulizifanyia nini?

Bint Menengai (Nakuru)

Wenzangu, naomba tuzungumze kuhusu raba za mbio zilizokwisha kazi ambazo mtu hawezi kuachana nazo. Zangu ni za bluu, ingawa bluu yenyewe imebaki kwenye ulimi wa kiatu tu. Alininunulia kaka yangu kwa malipo yake ya kwanza, alipokuwa kondakta wa matatu za Njoro. Sasa yuko Qatar, na harudi mpaka mkataba uishe.

Raba hizo nimezipandia Menengai asubuhi nyingi kutokea Milimani, ile barabara inayokukata pumzi kabla hujauona ukingo wa kreta. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ukingo unapita mita 2,200. Kitu kilichonifikisha kule juu na kunirudisha salama siwezi kukiita takataka.

Kisigino cha kulia kimelika upande wa nje, sponji imelala, kidole gumba kinachungulia. Kuzikimbilia sizikimbilii tena, nimepata nyingine. Ila kila nikisafisha stoo mkono unakataa kuzibeba. Mama ameshasema mpaka amechoka. Wenye raba za namna hii, mlizitunza, mkazigawa au mkazichoma? Naomba simulizi kamili, msiniandikie "tupa" au "weka" mkaishia hapo.

Fundi Bukhungu (Kakamega)

Dada, kibanda changu hakiko mbali na uwanja wa Bukhungu, kwa hiyo raba za mbio nazishika kila wiki. Mtu akileta zilizochoka humuuliza swali moja kabla ya bei: unataka kuzikimbilia, au unataka kukaa nazo? Hizo ni kazi mbili tofauti.

Za kukimbilia naziweka mezani nazitazama kwa nyuma. Kiatu kikiinama upande, sponji ya kati imekwisha. Sponji hiyo ni vipovu vidogo vidogo vya hewa, na kila hatua inaviminya mpaka siku moja havirudi tena. Ushauri wa kawaida ni kubadilisha baada ya kilomita 500 hadi 800 hivi, kutegemea uzito wa mtu na njia anazopita. Kitambaa cha juu kinaweza kuwa kizima kabisa huku goti lako linalia. Soli iliyobanduka naiweza: napiga msasa, napaka gundi pande zote mbili, naiacha ishike kidogo, nagandamiza, halafu nashona mzunguko. Palipotoboka natia kiraka kwa ndani ili kisikwaruze mguu. Lakini sponji iliyokufa siifufui, na fundi atakayekuahidi kuifufua anataka pesa yako tu.

Za kukaa nazo ni habari nyingine. Mzee mmoja aliniletea za mwanawe aliyefariki. Niliposhika brashi nizisugue akanizuia mkono. Tope libaki, akasema, ni la njia aliyokuwa akifanyia mazoezi. Nikashona pale palipoachana, kwa uzi wa rangi ileile, taratibu sana. Pesa sikuchukua. Akaniachia ndizi. Tangu hapo sioshi kiatu cha mtu bila kumuuliza, na nimewafundisha vijana wangu wawili wa kibandani vivyo hivyo.

Kijana wa Kondele (Kisumu)

Mimi zangu niliziacha kwenye pipa la taka Eldoret siku nilipomaliza kilomita 21. Zilinifikisha, tukaagana. Nilichotunza ni namba ya kifuani, iko ukutani mpaka leo. Usione vibaya kuziachilia, dada. Kumbukumbu inaweza kukaa kwenye kitu kingine.

Nyar Nam (Kisumu)

Kwa wanaotunza nina tahadhari. Nilikuwa na pair niliyokimbilia nikiwa sekondari, mbio za mkoa, siku pekee ambayo baba aliacha kazi akaja kunitazama. Alisimama kwenye kona ya mwisho akiwa na koti lake la kanisani, akaita jina langu la utotoni mbele ya shule nzima. Nilishika nafasi ya nne. Kwake ilikuwa kama ya kwanza, na jirani zetu wote walipata habari jioni ileile.

Zilikaa miaka uvunguni, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Siku nilipozitoa nimwonyeshe binti yangu, soli ilimeguka mikononi kama keki kavu. Niliumia sana. Baadaye mwalimu wa kemia alinieleza: soli za poliyurethani huvunjwavunjwa polepole na unyevu, hata kama hakuna anayezivaa. Hapa kwetu kando ya ziwa joto na unyevu havitoki, na mfuko wa plastiki unaufungia huo unyevu humo ndani. Kwa hiyo, Bint Menengai, tia magazeti ndani ya raba, ziweke kwenye boksi la karatasi linalopitisha hewa, mahali pakavu penye kivuli. Usizianike juani wala karibu na jiko, gundi inalegea. Na zipige picha leo, kabla hujafanya lolote lingine.

Sehemu za juu bado ninazo. Binti anazifahamu, na hadithi ya koti la kanisani anaijua yote.

Mwalimu wa Kapsabet (Nandi)

Nitapingana kidogo, kwa heshima. Huku kwetu wengi tulikimbilia shule miguu mitupu, na mashindano pia. Raba zangu za kwanza zilikuwa za kaka yangu. Siku ya mashindano tulipokezana: yeye anakimbia mita 5,000 asubuhi, mimi nazivaa mchana kwa mita 1,500 zikiwa bado na jasho lake. Mguu wake ulikuwa mkubwa, kwa hiyo mama alikunja karatasi za daftari akazijaza kwenye ncha. Kila nikisimama kwenye mstari nilijua kwamba tayari zimeshakimbia siku hiyo na hazikushindwa. Ujasiri ule sijawahi kuupata tena kwenye kiatu kipya.

Ndiyo maana inaniuma kuona raba zikizeeka stoo zikiwa bado na kilomita 200 ndani yake, na mimi uwanjani nina watoto wanaoazimana. Huku wanariadha wakubwa wana desturi ya kuwapa wadogo raba zao, na mtoto akizipata hulala nazo kichwani. Toa mapema, kabla kiatu hakijafa.

Lakini kilichokufa usitoe! Nimepokea magunia ya viatu vilivyolika mpaka soli ya ndani, eti ni msaada. Goti la mtoto ni goti kama la mwingine. Kilichokwisha kaa nacho mwenyewe au kitupe, usimpe mtu asiyeweza kukikataa.

Zile za kupokezana bado zipo. Anazo kaka, na akizigawa hatutaongea.

Shabiki wa Kaptagat (Eldoret)

Mwalimu, umenikumbusha marathoni ya Berlin, Septemba 2015. Eliud Kipchoge alikuwa mbele, na soli za ndani za raba zake zikachomoka nyuma ya visigino, miguu yote miwili, zikawa zinapigapiga kila hatua. Hakusimama. Alishinda kwa saa 2 na dakika 4 kamili, miguu imejaa malengelenge na damu. Mwaka uliofuata akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Rio, na mwaka 2019 mjini Vienna akakimbia kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Dunia inaikumbuka Vienna. Mimi naikumbuka Berlin zaidi. Ningekuwa mimi, zile zilizoniumiza ningezihifadhi kuliko zilizonibeba vizuri, kwa sababu za Berlin zinaonyesha mtu alivyo pale vitu vinapomwangusha. Zangu mwenyewe za mazoezi, zenye udongo mwekundu wa Kaptagat usiotoka kwa sabuni yoyote, ziko mlangoni. Wageni wanazisogeza, nami nazirudisha pale pale.

Bint Menengai (Nakuru)

Asanteni sana, nyote. Nimezipiga picha, nikamtumia kaka. Kumbe alidhani nilizitupa zamani. Amepiga simu usiku baada ya zamu, tukaongea mpaka salio likaisha. Ameniambia jambo ambalo sikulijua: siku aliyozinunua alitembea kwa miguu kurudi Njoro, kwa sababu nauli ilikuwa imeingia kwenye bei.

Fundi, nakuja Kakamega mwezi ujao. Ni za kukaa nazo. Shona palipoachana, brashi iache.

Mama Raba (Kibuye, Kisumu)

Nauza raba za mitumba, kwa hiyo viatu vya watu nisiowajua ndiyo kazi yangu. Ukishika kiatu unamjua mwenyewe: huyu alikanyaga nje, huyu alikuwa mzito, huyu alinunua akavaa mara moja akakata tamaa. Zile kamera, yaani za daraja la kwanza, huondoka kabla ya saa tatu. Lakini pair moja sijawahi kuiuza. Niliipata ikiwa imelika kidole gumba cha kushoto, pale pale raba zangu zinapolika, ila soli yote ilikuwa nzima. Nimeikimbilia njia ya Dunga alfajiri kabla ya kufungua duka, nikimfikiria huyo mama wa ng'ambo anayekanyaga kama mimi. Wateja wamenipa bei nzuri, nimekataa. Sasa imekwisha na ipo tu chini ya meza ya biashara, miguuni pangu.

Mwalimu, hao watoto wako wanavaa namba gani? Jumapili ndiyo siku yetu kubwa Kibuye, na bale nafungua asubuhi na mapema. Naweza kukutengea 36 hadi 39, zile ambazo sponji ukiibonyeza kwa gumba inarudi, kwa bei niliyonunulia. Za mizoga sitakutumia. Tafuta mtu anayeshuka na matatu ya Kapsabet, aje na gunia, aulizie Mama Raba upande wa viatu.