Walezi wawili, watoto 14: naweza kuongeza wachanga 4?

Kituo_Kisauni:
Salaam aleikum. Kituo changu kina wachanga 5 wa chini ya mwaka, watoto 4 wa mwaka mmoja na kitu, na 5 wa miaka mitatu. Walezi ni wawili, na mpishi. Mama wanne wa viwandani wanataka kuniletea wachanga. Mpishi akisaidia, tutaweza? Tunafungua saa 12:30 asubuhi, tunafunga 11:30 jioni.

BintiLikoni:
Usiwapokee bado, dada. Piga hesabu kwa dakika. Mchanga hubadilishwa nepi kama mara 5 kwa kutwa, dakika 5 kila mara pamoja na kunawa mikono: 25. Chupa au uji mara 4, dakika 15 kila mara: 60. Jumla 85. Wachanga 9 ni dakika 765, na siku nzima ya mlezi mmoja ina 660; wa pili yuko na wale 9 wakubwa. Hapo hakuna aliyebembelezwa, na mlezi mwenyewe hajala.

Kinachoachwa kwanza ni kunawa mikono baina ya mtoto na mtoto, hasa mfereji ukikauka na mnatumia maji ya mitungi. Mmoja akihara, chumba kizima kitahara. Kisha chupa hutegemezwa kwa mto ili mtoto ajinywee. Anaweza kupaliwa, na maziwa hupanda hadi sikio likauma. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wachanga hawasemeshwi. Aliyenyamaza huitwa mtulivu, kumbe amechoka kulia bila kuitikiwa.

Mlezi_Changamwe:
Hata sasa mko wachache. Uingereza sheria ni mlezi 1 kwa watoto 3 wa chini ya miaka miwili. Marekani, NAEYC, chama cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, kinapendekeza 1 kwa wachanga 4, na kundi lisizidi 8 hata walezi wakiwa wengi, kwa sababu ya kelele na maambukizi. Mpishi usimhesabu: sufuria ikiwa motoni hawezi kuiacha, na mkono uliotoka kwenye nepi usirudi kwenye chakula.

Mwana_wa_Bamburi:
Naongeza moja. Kila mchanga apewe mlezi wake. Wakiwa "wa wote", mmoja hulishwa mara mbili na mwingine akasahaulika. Andikeni kwenye daftari saa ya chupa, nepi na usingizi.

Kituo_Kisauni:
Ahsanteni. Mlezi wa tatu wa kutwa siwezi kumlipa kwa sasa. Wa nusu siku je?

BintiLikoni:
Kwa hao 14 ulio nao, atakufaa. Aje saa 4 asubuhi hadi 9 mchana, maana chakula, nepi na kulaza hugongana hapo. Wachanga wapya wangoje mlezi wa kutwa. Ada yao usiilinganishe na ya wa miaka mitatu: chukua mshahara wa mlezi, ongeza mchango wako wa NSSF na ushuru wa nyumba, gawanya kwa 4, kisha weka kodi na chakula juu yake.