Tupeane uzoefu: chuo ulichosoma wewe na chuo anachosoma mdogo wako, vinafanana?

Fundi wa Iyunga
Wadau habari za jioni. Nimempeleka mdogo wangu wa kike kuripoti mwaka wa kwanza pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya, kozi ya umeme. Mimi nilipita pale kikiwa bado taasisi tu, MIST, kabla hakijawa chuo kikuu 2012, na mabinti wa darasa letu tuliwajua wote kwa majina na mikoa yao. Safari hii foleni ya usajili imejaa wasichana na ndoo zao na magodoro, na wengi wanaongea kile Kiingereza cha academy. Mliosoma vyuo vya huku kwetu na hata Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nani alikuwa anakaa pembeni yako darasani? Mlilala wapi, mlikula nini?

Mzee wa Gangilonga
Mwanangu umenikumbusha mbali. Mimi nilikwenda Mlimani enzi za Azimio la Musoma, lile la 1974. Ukimaliza kidato cha sita huendi chuo, unakwenda JKT kisha kazini, halafu mwajiri na tawi la chama wakuandikie kwamba unafaa. Kwa hiyo darasani tulikuwa watu wazima, walimu, mabwana shamba, wengine wameacha wake na watoto Njombe. Wasichana walikuja kuruhusiwa kupita moja kwa moja baadaye kidogo. Chumba bure, chakula kafteria, ada hujui inafananaje. Lakini tulikuwa wachache mno. Hapa Iringa kwenyewe Mkwawa ilikuwa sekondari, 2005 ndiyo ikawa chuo kishiriki cha Mlimani.

Ndizi za Tukuyu
Shikamoo mzee. Hapo kwenye chakula bure nimesoma mara mbili.

Binti wa Makete
Naomba niandike ndefu. Mimi ni zao la shule ya kata, wa kwanza ukoo mzima kufika chuo kikuu, na chuo chenyewe sikitaji ila ni huku huku nyanda za juu. Mkopo awamu ya kwanza jina halipo, ya pili halipo, kumbe cheti cha kifo cha baba hakijahakikiwa na huko nyumbani hakuna wa kukifuatilia. Hosteli nikakosa. Nikabebwa na dada mmoja wa Moshi aliyesoma seminari, kitanda cha juu, tukilala mzungu wa nne miguu yake usoni kwangu, na hakuwahi kuniuliza naondoka lini. Jioni nakula maandazi na maji ya bomba nasema nimeshiba. Sasa siku ya prezentesheni nimesimama mbele, nilichoandika nakijua chote, ila Kiingereza kikakauka mdomoni, siti za mbele wakacheka, mwalimu akasema anayefuata. Nilijifungia chooni nikalia mpaka mlinzi akagonga. Yule dada wa Moshi ndiye aliyenikalisha kila usiku ananisomesha kwa sauti, na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, lilipoingia cha kwanza nilinunua mchele wa Kyela tukapika wote. Watu wakisema elimu imeshuka kwa sababu ya watoto wa kata huwa nanyamaza, leo nimeshindwa.

Mhandisi wa Sae
Pole sana dada. Ila tuseme ukweli, watu wamezidi. Zamani waliingia wale wa shule za vipaji, Kibaha, Ilboru, Mzumbe, waliochujwa hasa, leo ukumbi umefurika wengine wanasikilizia dirishani.

Binti wa Makete
Kaka, aliyekuwa dirishani ni mimi. Wa ndani hakunizidi akili, alilala hosteli, mimi nimetoka mtaani kwa miguu kwenye matope ya Januari.

Mwalimu wa Kihesa
Mhandisi, hizo shule za kata wazazi wetu walibeba mawe na mchanga kichwani kuzijenga. Tangu 2016 hakuna ada kidato cha kwanza mpaka cha nne, 2022 wakaongeza cha tano na cha sita. Hao watoto ulitaka waishie wapi?

Mhandisi wa Sae
Sijasema wasisome. Nasema madarasa yaongezwe kwanza. Mnanilisha maneno.

Mzee wa Gangilonga
Sisi wachache tulisomeshwa kwa pamba na kahawa ya wakulima ambao watoto wao hawakukanyaga pale. Tusiwapimie hawa wa leo nafasi.

Mama Junia wa Soweto
Mimi nilijifungua nikiwa mwaka wa pili. Uchungu ulinishika usiku wa kuamkia UE, mitihani ya mwisho wa muhula, tumepanga nyumba ya wanafunzi watupu, mvua inanyesha, baba mwenye nyumba kafunga geti kalala. Wenzangu waliruka ukuta kutafuta bajaji, ikakwama kwenye mlima, wakashuka na kanga zao wakaisukuma huku mmoja ananishika mkono ananihesabia pumzi. Tumefika hospitali ya Meta mtoto yuko mlangoni. Baadaye walipanga zamu, asiye na kipindi anabaki na mtoto. Mwalimu mmoja aliniambia darasa si kliniki. Mwingine, mama mtu mzima, akanisimamia nikafanya mtihani maalumu. Mwanangu sasa yuko la tatu na wale wote anawaita mama.

Ndizi za Tukuyu
Nimelia kwenye daladala. Dereva wa bajaji alilipwa?

Mama Junia wa Soweto
Alikataa hela. Mpaka leo akinikuta Kabwe anauliza mtoto hajambo.

Mdau wa Uyole
Baba wa mtoto alikuwa wapi?

Binti wa Makete
Angetaka kusema angesema. Muache.

Mgeni wa Kilolo
Samahanini, mimi nipo mwaka wa tatu, mimba ina miezi saba, UE ziko mbele na nyumbani hawajui. Nifanyeje?

Mdau wa Uyole
Ahirisha mwaka mdogo wangu. Afya kwanza.

Mwalimu wa Kihesa
Usiahirishe! Wangapi wameahirisha tukawaona tena? Mwambie mama yako kwanza, baba atasikia kwake.

Ndizi za Tukuyu
Mimi ningeanza na shangazi, kwetu ndiye anayejua kumwingia mzee.

Mama Junia wa Soweto
Mdogo wangu, kesho asubuhi nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi na kadi yako ya kliniki, omba barua KABLA mitihani haijaanza, ukienda baada ya kukosa mtihani inakuwa kesi nyingine. Kakae na mtu usilale peke yako chumbani. Halafu njoo PM nikupe namba yangu, hata iwe saa nane usiku piga.