Mjadala: Nakisi ya bajeti Kenya. Tukisema "kata matumizi", tunamkata nani?

Mleta mada, Nairobi

Wakenya wenzangu, hamjambo. Naleta hili kwa sababu nimechoka kusikia jibu moja. Nakisi, yaani pengo kati ya matumizi ya serikali na mapato yake, ikitajwa, iwe kwenye matatu, iwe matangani, lazima atokee mtu aseme: "Waache safari za ng'ambo na magari makubwa, pesa zitatosha." Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Juni 2024 nilikuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha na kodi zake, nikimwimbia Rais "Zakayo shuka", kwa jina la yule mtoza ushuru wa Biblia, hadi sauti ikakauka, na sijutii. Ila baadaye nilikaa chini na vitabu vya bajeti, na tangu hapo lile jibu halinikai tena.

Bajeti ya 2025/26, aliyoisoma Waziri John Mbadi tarehe 12 Juni 2025, ni Sh4.29 trilioni. Mapato yanayotarajiwa ni Sh3.32 trilioni. Ukiongeza misaada michache, pengo linabaki Sh923 bilioni, yaani asilimia 4.8 ya pato la taifa. Sasa angalia riba. Riba peke yake, mbali na madeni yenyewe yanayoiva, inakaribia Sh1.1 trilioni. Kama tusingedaiwa riba, bajeti ingetosha na chenji ingebaki. Miradi yote ya maendeleo ya mwaka mzima imetengewa Sh693 bilioni. Tunalipia zaidi barabara za jana kuliko tunavyojenga za kesho.

Na anayelipwa ni nani? Wengi wetu tukisikia "deni" tunawaza Mchina na reli yake ya Mombasa. Lakini zaidi ya nusu ya deni hili, lililokwisha kupita Sh11 trilioni, tumekopeshana humu ndani: mabenki, mifuko ya pensheni, kampuni za bima, sacco, na watu binafsi wenye akiba. Februari 2024 serikali iliuza hatifungani (hati ya kuikopesha serikali kwa riba) ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, tena isiyotozwa kodi. Iliomba Sh70 bilioni. Wenye pesa wakaleta zaidi ya Sh288 bilioni, na Benki Kuu ikachukua karibu Sh241 bilioni. Miezi mitatu baadaye serikali hiyo hiyo ikaleta Mswada wa Fedha wa kutafuta Sh346 bilioni mifukoni mwetu. Aliyeikopesha hakatwi hata senti kwenye riba yake. Mtu wa boda, kila akijaza tangi, anakatwa.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: kabla ya kugombania chai ya mawaziri, hatifungani mpya zisizolipiwa kodi zikome. Karibuni.

Mwalimu, Kakamega

Ndugu, umeanza vizuri ukaishia pabaya. Hiyo trilioni ya riba haikudondoka mbinguni. Mwaka 2013 deni letu halikuwa limefika Sh2 trilioni. Kufikia Juni 2022 lilikuwa Sh8.6 trilioni. Kuna watu walioweka sahihi, na kuna miradi iliyolipiwa ambayo mpaka leo ni nguzo zimesimama msituni. Unapotuambia safari na magari ni pesa ndogo, unawasafisha bila kujua.

Ndogo kwa nani? Mwanafunzi wa sekondari ametengewa Sh22,244 kwa mwaka. Katika shule ninayofundisha hazifiki zote, na zinazofika huja zimechelewa. Mwalimu mkuu anachukua mahindi na maharagwe kwa mkopo, na mwenye duka ameanza kutukwepa. Sasa baba akila nyama choma hotelini, arudi nyumbani awaambie watoto hali ni ngumu walale na uji, hao watoto hawatauliza nyama iligharimu ngapi. Wataacha kumsikiliza. Ushuru ni hivyo hivyo, unataka moyo wa mlipaji. Anzeni na chai yao, hata kama ni shilingi mia moja.

Mchangiaji, Nyeri

Na CDF, ule mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, je? Mahakama Kuu ilisema Septemba 2024 kwamba ni kinyume cha Katiba. Tufute, tuokoe mabilioni. Mbona hapo hamgusi?

Mwalimu, Kakamega

Ukifuta CDF kesho, nusu ya darasa langu inarudi nyumbani keshokutwa. Wanasoma kwa basari. Najua mbunge anazigawa kama peremende wakati wa uchaguzi, lakini mtoto yuko darasani.

Mchangiaji, Nyeri

Ndiyo hiyo shida, mwalimu. Kila mtu anataka ikatwe ya mwenzake.

Mstaafu, Mombasa

Wanangu, mimi si mchumi, nilikuwa karani bandarini miaka thelathini na mmoja. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Sawa, lakini hiyo arusi mimi sikualikwa, na matangani naonekana nimekaa mbele.

Hao mnaowaita "wenye pesa" mnanihesabu na mimi? Pensheni yangu inalala humo humo kwenye hatifungani. Sijui jina la hatifungani hata moja, najua tu kwamba mwezi ukiisha simu hulia na mke wangu huenda sokoni. Mkianza kuichezea riba ya ndani, mjue mnamgusa nani. Ghana walifanya, nadhani mnakumbuka. Mwisho wa 2022 serikali yao ilitangaza mpango wa kubadilisha hatifungani za ndani ziwe za riba ndogo na muda mrefu. Februari 2023 wazee wa umri wangu walikuwa wameketi nje ya Wizara ya Fedha pale Accra na mabango, mpaka wakasikilizwa. Magoti yangu hayaniruhusu kukaa sakafuni.

Mleta mada, Nairobi

Shikamoo mzee. Sikusema tusilipe. Dawa ya deni ni kulipa, na iliyokwisha kuuzwa ilipwe hadi senti ya mwisho. Nazungumzia mpya, na msamaha wa kodi tu, si riba yenyewe. Tena mifuko ya pensheni iliyosajiliwa ina nafuu yake ya kodi kisheria hata bila hatifungani hizi. Anayefaidi hasa na huo msamaha ni benki na mtu binafsi mwenye milioni zake.

Muuza vifaa vya ujenzi, Kisumu

Nyote mnajadili nakisi iliyoandikwa. Ya kweli iko kwangu hapa dukani. Nilipelekea ofisi moja ya umma saruji, mabati na rangi, nikasainiwa, nikapigiwa muhuri. Mwaka wa pili huu. Kwenye vitabu vyao nakisi imepungua kwa sababu mimi sijalipwa. Nimeikopesha serikali bila riba, bila hatifungani, na bila mtu kuniuliza kama nataka.

Nikaenda benki kuomba mkopo nijaze duka. Meneja, kijana mzuri tu, akaniambia ukweli: kwa nini anikopeshe mimi niliye na mashaka wakati serikali inachukua pesa zile zile, inalipa vizuri, na usiku analala usingizi? Nilikosa jibu.

Wanakandarasi wa barabara angalau walipata mtetezi. Tozo ya barabara ilipandishwa Julai 2024 kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita, halafu hizo shilingi saba zilizoongezwa zikawekwa rehani ili zipatikane Sh175 bilioni za kuwalipa. Maana yake petroli utakayonunua mwaka kesho imeshatumika. Sikatai, wale nao malori yao yalikuwa yanapigwa mnada kwa madeni. Ila mtu asiniambie kwamba huo si mkopo kwa sababu umepewa jina lingine.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Wakuu, jirani naomba nichungulie. Kwetu bajeti ya 2025/26 ni Sh56.49 trilioni za huku, na nakisi imewekwa asilimia 3 ya pato la taifa. Msituone wajanja sana, SGR yetu, ile reli ya kisasa, nayo ina mikopo. Ninachowaonea wivu ni kwamba kwenu muuza mabati anajua tozo ya lita imewekwa rehani. Huku kwenye kijiwe chetu bajeti ni bei ya bia na soda, basi.

Mleta mada, Nairobi

Kaka wa Kisumu amenimaliza. Niliandika kana kwamba vitabu vinasema yote.

Mwalimu, nakubali nusu ya hoja yako. Watu hawatakubali kukatwa na anayeshiba, hilo ni kweli. Lakini ngoja nikueleze kilichonibadilisha. Tarehe 26 Juni 2024 Rais alikataa kutia sahihi ule Mswada. Tukashangilia, tukazika wenzetu. Nakisi ya mwaka ule ilikuwa imepangwa asilimia 3.3 ya pato la taifa. Mwaka ulipoisha ilikuwa imepita asilimia 5. Desemba baadhi ya yale makato yakarudi kupitia sheria nyingine ya kodi, wakati watu wako mashambani kwa Krismasi. Tulifunga mlango wa mbele, wao wakaenda kukopa kwa mlango wa nyuma. Safari za mawaziri zingekatwa zote, hesabu hiyo isingebadilika sana.

Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema mzigo na faida ya mikopo vigawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na kijacho. Wabunge wanapitisha bajeti Juni, kisha wanaibomoa kwa bajeti za ziada. Ningependa wakati wa kubomoa waulizwe swali moja tu: hii ya leo italipwa na darasa gani la mwalimu?

Mwalimu, Kakamega

La kidato cha kwanza. Wako arobaini na nane. Na bado nataka chai ikatwe.

Mstaafu, Mombasa

Chai ikatwe, tangawizi ibaki.

Muuza vifaa vya ujenzi, Kisumu

Endeleeni, mimi naamka mapema. Kesho Jumatatu narudi ile ofisi na ile invoisi. Mara ya mwisho niliambiwa muhuri wake ni wa karani aliyehamishwa, nitafute mwingine.