Paneli za bati, kuta za ndani: jipsamu, PVC au rangi tu?

Mjenzi wa Kibada
Wakuu, habari za jioni. Nyumba yangu imesimama: vyumba vitatu, kuta zote paneli za sandwichi, yaani bati mbili na povu jeupe katikati, unene milimita 75. Nje imependeza. Ndani mke wangu hataki kuona bati sebuleni, anasema panafanana na chumba cha barafu cha samaki pale Feri. Nina njia tatu: jipsamu bodi, vipande vya PVC, yaani plastiki ngumu, au nipige rangi nihamie. Waliotangulia nisaidieni kabla sijaenda madukani Gerezani kununua vifaa.

Fundi Mbagala
Jipsamu, mkuu, na iwe juu ya fremu. Kuna watakaokwambia upige puti, ile ya kulainisha ukuta, juu ya bati halafu rangi. Nilimfanyia hivyo mteja mmoja, nikairudia kazi yote kwa pesa yangu. Bati linatanuka: kipande cha mita 6 joto likiongezeka nyuzi 30 kinarefuka zaidi ya milimita 2, na ukuta unaopigwa jua la alasiri unafika huko. Puti haiwezi kufuata mwendo huo, inachanika kwenye kila ungio. Fremu ya chuma kila sentimita 60, bodi ya milimita 12, nyuma unapata nafasi ya nyaya.

Mama Tabata
Mimi nina PVC jikoni na koridoni. Unafuta kwa kitambaa, na mchwa hawana habari nayo. Ila ile iliyo nyuma ya jiko la gesi imejikunja, imeacha mawimbi unayoyahisi kwa kiganja. Sebuleni na chumba cha watoto singeweka.

Umeme Mbezi
Dada amegusa jambo zito. Povu jeupe linayeyuka na kuwaka, na bati halizuii joto kulifikia. Jipsamu ina maji ndani yake, karibu sehemu moja ya tano ya uzito, moto lazima uyakaushe kwanza. Hizo ni dakika za kuwatoa watoto nje. Kwa hiyo rangi tupu siiungi mkono hata kidogo. Na nyaya zipite kwenye bomba: povu likigusana na waya muda mrefu, ganda la waya linakauka na kukatika.

Mjenzi wa Kibada
Asanteni sana. Na kiyoyozi je? Chumba cha kulala nitakiweka.

Fundi Mbagala
Hapo ndipo wengi wanaharibu. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Ikipenya kwenye maungio ya paneli ikakuta ubaridi wa kiyoyozi, inageuka maji nyuma ya bodi, na hutajua mpaka ukungu utokeze. Kabla ya kufunga bodi hata moja, usiku zima taa, mtu azunguke nje na tochi kali, wewe kaa ndani. Mwanga ukipenya, weka alama ya chaki, kisha ziba kwa silikoni upande wa nje. Subiri mvua moja kubwa ipite ndipo ufunge.

Penye kabati za jikoni na televisheni tanguliza plaiwudi nyuma ya jipsamu, la sivyo skrubu zitang'oka. Bafuni bodi ya saruji, kisha marumaru.

Mjenzi wa Kibada
Nimekuelewa, mkuu. Tochi ninayo, kesho usiku naanza na chumba cha watoto.