Mrejesho: Mtoto anayekaa kimya darasani

Habari wakuu. Niliuliza kuhusu mwanangu wa darasa la kwanza: nyumbani anaongea, japo maneno hayajanyooka, ila shuleni kimya kabisa. Asanteni sana mliojibu.

Tulianza na kupima masikio, kama mlivyosisitiza. Kumbe sikio moja lina majimaji nyuma ya ngoma. Anafuatiliwa, na mwalimu amemhamishia mbele, sikio zima likimwelekea yeye.

Kilichosaidia zaidi ni kitu sikukitegemea: kusubiri. Mwalimu akimuuliza swali, anahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia, wala hammalizii sentensi. Mtoto akisema "titabu", anajibiwa "ndiyo, kitabu chako", basi, bila kulazimishwa kurudia. Juzi ameomba ruhusa ya kwenda chooni kwa mdomo wake mwenyewe!

Kadi za picha, za kuonyesha anachotaka kusema, zimefeli nusu. Akiwa na mwalimu peke yake anazionyesha vizuri. Wenzake walipomcheka, akazificha kwenye begi. Sasa mwalimu anazitumia kwa darasa zima, tuone. Kusoma kwa sauti bado ni vita. Kwa mtaalamu wa matamshi tuko kwenye foleni. Akishamwona nitarudi kuwajuza.